Kamera ya mwalimu wangu au ya kaka yangu?

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, naishi Tanga mjini, na kazi yangu ni kupiga picha za harusi. Video sipigi kabisa, ni picha tu. Wateja wangu wengi ni wanawake wanaotaka mpiga picha wa kike kwa shughuli za ndani: hina, singo, na ule usiku bibi harusi anapotolewa ukumbini bila buibui na simu zote zimekusanywa mlangoni. Mpiga picha wa kiume hapo haingii, na hapo ndipo Mungu alipoiweka riziki yangu.

Natumia Canon EOS 6D, na lenzi tatu za EF: 24-105mm f/4, 50mm f/1.8 na 85mm f/1.8. Kamera hii imenilisha na imemlipia mwanangu ada, siwezi kuisema vibaya. Ila kumbi za siku hizi zina giza, na taa za rangi zinazunguka muda wote. Kati ya nukta 11 za fokasi, gizani naiamini ile ya katikati tu. Nailenga kwenye jicho, nabana kitufe, halafu nasogeza kamera nipange picha. Bibi harusi akipiga hatua moja tu, fokasi imeshahamia kwenye hereni. Nataka kuhamia kwenye hizi kamera mpya zisizo na kioo ndani, ambazo zinalitambua jicho zenyewe na kulifuata.

Sasa Mjomba, nimepata njia mbili kwa wakati mmoja, na usingizi umenipotea.

Ya kwanza ni ya mwalimu wangu. Huyu bwana ndiye aliyenifundisha kazi. Aliniazima flashi yake nilipokuwa sina kitu, na harusi zangu za mwanzo zote zilipitia mkononi mwake. Anauza Canon EOS R6 aliyoifanyia kazi kwa miaka michache, na amesema mbele ya wenzetu kuwa kamera ile ni yangu, hamuuzii mtu mwingine. Anataka pesa yote kwa mkupuo. Itabidi nikope kwenye kikoba chetu cha akina mama.

Ya pili ni ya kaka yangu aliyeko Muscat. Anakuja nyumbani baada ya Idi, na yuko tayari kuniletea Canon EOS R8 mpya, bado iko kwenye boksi. Ananunua kwa pesa yake, mimi nitamrudishia kidogo kidogo. Bei yake imeizidi ya R6 ya mwalimu, lakini tofauti haifiki laki tatu.

Nimesoma mengi hadi nimechanganyikiwa. Wengine wanasema mpiga picha wa harusi asiyekuwa na kamera ya kadi mbili anacheza na harusi za watu, na R8 ina nafasi ya kadi moja. R8 pia haina ule mfumo wa kutuliza mtikisiko ndani ya bodi, R6 inao. Upande mwingine R8 ina megapikseli 24, ni nyepesi, ni ya 2023, wakati R6 ni ya 2020 na ina megapikseli 20 tu. Mume wangu anasema kitu kipya ni kipya, ya mtumba huwezi kujua imepitia nini. Mama anasema deni la ndugu halina tarehe, lakini halisahauliki.

Nimepanga kuiuza 6D ili nipunguze mzigo. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba nikichukua ya kaka, mwalimu atajua, na mji wetu huu ni mdogo. Nikichukua ya mwalimu, siwezi kuanza kuikagua mbele yake kama namkagua mwizi. Na hizi lenzi zangu je, ndiyo basi tena? Nisaidie Mjomba.

Mpiga picha wa Tanga


MJOMBA ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kazi. Familia inayokufungulia mlango wa chumba cha bibi harusi imekuamini kwa jambo kubwa, na katika barua yako yote nimeona kuwa unalijua hilo.

Nikikusoma vizuri, una maamuzi mawili yaliyofungwa kwenye furushi moja. Moja ni la kamera: R6 iliyotumika au R8 mpya. La pili ni la deni: udaiwe na kikoba au udaiwe na kaka, na juu yake kuna fadhila za mwalimu ambazo hazina bei. Nakushauri uyafungue uyatazame moja moja, kwa sababu naona yanavyosukumana. Mume wako anataja upya wa kitu, mama anataja deni, na wewe ukisema kadi mbili sina hakika kama unazungumzia kadi au unamzungumzia mwalimu.

Tuanze na kilichokufanya utafute kamera, yaani fokasi gizani. Hapo moyo wako utulie. R6 na R8 zote zinatambua uso na jicho, zinalifuata jicho likitembea, na nukta zake za fokasi zimeenea karibu picha nzima. Ule mtindo wa kulenga katikati kisha kusogeza kamera utaachana nao kwa yoyote kati ya hizo mbili. R8 imetoka miaka mitatu baadaye na imerithi sensa (kile kipokea mwanga cha ndani) na akili ya fokasi ya R6 Mark II, kamera iliyoifuata R6, kwa hiyo katika kutambua vitu iko mbele kidogo. Lakini kwa mtu anayetoka kwenye 6D, hatua kubwa ni ile ya kutoka kamera ya kioo kwenda isiyo na kioo. Hatua iliyobaki kati ya R6 na R8 ni fupi sana.

Megapikseli ningekuomba uziweke pembeni. R6 inatoa picha ya pikseli 5,472 kwa 3,648. Ukiichapa kwa ubora kamili wa nukta 300 kwa inchi, inafika inchi 18 kwa 12. R8 yenye pikseli 6,000 kwa 4,000 inafika inchi 20 kwa 13 na kidogo. Kama albamu zako kubwa ni za inchi 12 kwa 18, mteja hataona tofauti. Na 6D uliyonayo ina megapikseli 20 vilevile. Umewahi kumsikia bibi harusi akilalamikia hilo?

Kutuliza mtikisiko kunahitaji maneno zaidi, maana ndiko watu wengi wanakodanganyika. Mfumo ule unatuliza mkono wako wewe. Bibi harusi anayetembea, wapambe wanaocheza na shangazi anayerusha noti hauwatulizi. Ili mtu anayesogea asifutike, unahitaji shata (pazia linalopitisha mwanga) ya 1/160 ya sekunde au ya kasi zaidi, na ukifika hapo mfumo unakuwa hauna kazi kubwa ya kukufanyia. Pale unaposaidia kweli ni kwenye vitu vilivyotulia: mkono wenye hina uliowekwa juu ya mto, dhahabu kwenye kisanduku, keki, ukumbi mtupu kabla wageni hawajaingia. Kwa picha hizo, R6 na ile 85mm yako isiyo na utulizaji wake vitakupa nafasi ya kushusha kasi ya shata bila kupandisha ISO, yaani wepesi wa sensa kuhisi mwanga. Lenzi yako ya 24-105mm, kama ni hii ya L ya Canon, ina utulizaji wake yenyewe, nao utafanya kazi hata kwenye R8. Na ukisikia watu wakitaja stopu nane (hatua nane za utulizaji) za R6, ujue hiyo ni hesabu ya juu kabisa, inayopatikana kwa baadhi ya lenzi za RF, zile za kamera hizi mpya. Usiitegemee kwa lenzi zako. Kwa hiyo jiulize: katika albamu yako ya mwisho uliyomkabidhi mteja, picha za vitu vilivyotulia ni ngapi, na za watu wanaosogea ni ngapi?

Sasa kadi mbili. Hoja hii siidharau, kwa sababu kadi inaweza kufa bila dalili, na shughuli ya kumtoa bibi harusi hairudiwi. R6 ukiipanga hivyo kwenye menyu inaandika kila picha kwenye kadi mbili kwa wakati mmoja, na hilo ni jambo la thamani sana. Lakini angalia pia kuwa 6D yako ina nafasi moja ya kadi, na kwa kadi moja umejenga jina. Anayekuambia kuwa huwezi kufanya harusi kwa kadi moja anakuambia kuwa kazi zako zote hazikuwezekana. Swali la kujiuliza ni hili: umekuwa ukijilinda vipi, na ulinzi huo unatosha kwa ukubwa wa kazi unazopata sasa? Ukienda na R8, itakubidi uwe mkali: kadi za kampuni inayoaminika kutoka kwa muuzaji anayetoa risiti, maana kadi feki zimejaa sokoni na nyingine zinaandikwa GB 128 wakati ndani hazifiki hata robo yake, kubadilisha kadi kati ya hina na ukumbi ili shughuli nzima isikae sehemu moja, na kunakili picha sehemu mbili usiku uleule kabla hujalala. Ukienda na R6, una kazi nyingine ya kufikiria, hasa wewe mwenye wateja wa aina yako. Kila picha ya mwanamke asiye na buibui itakuwa kwenye kadi mbili, na zote mbili inabidi uzilinde na kuzifuta. Nakala ya pili iliyosahaulika kwenye mfuko wa begi ni hatari kwa heshima ya mtu.

Kuna mambo mengine matatu manne ambayo hukuyataja, nayo ningeyapima. Betri ya R8, LP-E17, ni ya 1,040 mAh. Ya R6, LP-E6NH, ni ya 2,130 mAh, yaani maradufu. Kamera zisizo na kioo zinakula betri kwa sababu skrini yake inawaka muda wote, hivyo kwa R8 hesabu gharama ya betri kadhaa za akiba tangu siku ya kwanza. Betri za 6D yako zinaingia kwenye R6 na kufanya kazi, ingawa kasi ya kupiga mfululizo itapungua. Kwenye R8 haziingii. Uzito nao: R8 ikiwa na betri na kadi ni gramu 461, R6 ni 680. Kwa mkesha mrefu mkono utashukuru, lakini ukiifunga 24-105mm na adapta (kiunganishi cha lenzi zako za EF) mbele ya R8, uzito unahamia mbele na kishikio ni kidogo. Hilo huwezi kulijua kwa kusoma, ni la kushika kwa mkono wako.

Na kuhusu kupiga kimya, ambako zote zinasifiwa. Picha arobaini kwa sekunde za R8 na ishirini za R6 zinatumia shata ya kielektroniki. Shata hiyo haikubali flashi, na chini ya taa za LED za kumbi inaweza kukuachia mistari inayokatiza picha nzima. Itumie kwenye nikahi msikitini kwa mwanga wa dirishani. Ukumbini utarudi kwenye shata ya kawaida na flashi yako. R8 haina shata kamili ya mitambo, inaanza picha kwa umeme na kufunga kwa pazia. Flashi inaikubali vizuri hadi 1/200, ila juani kwa f/1.8 na shata ya kasi sana ule ukungu mzuri wa nyuma unaweza kuonekana umekatwa. Kwa kazi zako za ndani sidhani kama litakugusa sana.

Sasa nirudi kwa mwalimu, ambako naona moyo wako umelemewa.

Umesema huwezi kuikagua kamera kwa kuwa itaonekana unamkagua mwizi. Ningependa uliangalie hilo upya kwa utulivu. Huyu ndiye aliyekufundisha kazi. Bila shaka ndiye pia aliyekufundisha kujaribu kadi na kuangalia lenzi kabla hujatoka nyumbani. Mwambie hivi: "Mwalimu, nashukuru kwa kunifikiria. Naomba niitumie jioni moja kwa shughuli ndogo na lenzi zangu, nione mkono wangu unaizoea vipi." Sioni mwalimu wa kweli atakayechukia hapo. Jioni hiyo piga picha ya ukuta mweupe kwa f/16, yaani tundu la lenzi likiwa dogo, uone kama sensa ina vumbi au mkwaruzo. Weka kadi zote mbili uhakikishe zote zinaandika. Jaribu shata hadi 1/8000, sukuma kile kijiti cha kuhamisha fokasi pande zote, funga flashi yako juu, na kwenye menyu fungua taarifa za betri uone hali yake. Muulize pia, kwa adabu, amefanya harusi ngapi nayo. Shata ya R6 imepimwa kiwandani kwa mara 300,000. Harusi moja ya picha 2,000 ikirudiwa mara mia inakupeleka 200,000. Namba hiyo haisemi kamera itakufa lini, lakini inakusaidia kujua kama bei aliyotaja inalingana na umri wa kitu.

Na kama mwisho utaona R6 haikufai, je, ni kweli kwamba utakuwa umezikana fadhila zake? Alikusaidia ili uweze kazi. Sina hakika kama alikusaidia ili aje kupata mnunuzi. Wewe unamjua, mimi simjui, na inawezekana kabisa kwamba ni mtu wa kuumia. Lakini kuna njia ya kumwambia mapema, wewe mwenyewe, uso kwa uso, kabla kaka hajatua na boksi. Kinachochoma watu katika mji mdogo mara nyingi ni kusikia kwa mtu wa tatu. Aliyasema mbele ya wenzenu, kwa hiyo mpe nafasi ya kumuuzia mwingine bila kuaibika.

Upande wa kaka nao una maswali yake. Kamera mpya kutoka Muscat ina waranti, lakini soma karatasi yake uone inakubalika nchi zipi. Kama ni huko tu, basi ikileta shida itabidi irudi na msafiri. Kuhusu deni, maneno ya mama yako nayaheshimu, ila nayaona kama onyo linalotibika. Andikeni kiasi na muda, hata kwenye ujumbe wa simu, ili upole wa kaka leo usigeuke manung'uniko mwakani. Kikoba kina tarehe zake wazi, na wanawake wenzako wanakusubiri na marejesho kila mwezi. Hapo hesabu kwa makini: Ramadhani harusi zinasimama karibu zote, marejesho hayasimami. Baada ya Idi kazi zinarudi kwa wingi. Ukikopa, kopa ukijua mwezi huo mkavu utaupitaje.

Kitu kimoja ningekuomba usikiharakishe, nacho ni kuiuza 6D. Kamera yoyote utakayoichagua, siku moja itagoma katikati ya shughuli, kwa sababu vyombo hugoma. Ukiwa na kamera ya pili begani yenye 50mm, shughuli inaendelea. Wasiwasi wako wa kadi moja kwenye R8 unapungua, na wasiwasi wa mume wako juu ya R6 iliyotumika unapungua pia. Pesa utakayoipata kwa kamera ya 2012 linganisha na hilo, halafu uamue.

Ukikaa na mumeo, msianze na kipi ni kipya. Waza harusi yako kubwa ijayo na uulize ni jambo gani likitokea litakuumiza zaidi: kadi kufa, kamera kugoma bila waranti, mwezi wa marejesho bila oda, au salamu ya mwalimu kupoa. Jibu lako na langu yanaweza yasifanane, na lako ndilo litakalokwenda kazini.

Lenzi zako usiziuze hata moja. Zote tatu zinafungwa kwenye R6 na R8 kwa adapta ya EF-EOS R. Haina kioo ndani, kwa hiyo haipunguzi mwanga, na fokasi ya jicho inafanya kazi kama kawaida. Lenzi za RF zitakuja zenyewe kazi ikiruhusu. Muulize mwalimu kama adapta inauzwa pamoja na kamera yake. Na kama ni ya kaka, mwambie ainunue palepale dukani, maana bila hiyo R8 itafika Tanga na hutakuwa na lenzi hata moja ya kuifungia.

Mjomba